Mchi Kati Yetu

Kwetu mkamwana mwema alipimwa kwa umbali aliouweka kati yake na baba wa mumewe. Mimi nilipimwa nikaonekana mwema kuwapita wote. Sifa hiyo ninayo hadi leo, na kila nikiisikia natamani kumrushia msemaji kibuyu. Wanaonisifu hawajui wanachokisifu. Aliyejua ni mmoja tu, naye amezikwa kwenye kibanja chake mwenyewe, chini ya migomba, huko Muleba, tangu zamani za Mwingereza.

Nikiwaeleza wajukuu miiko ya ukwe wanacheka mpaka wanashika mbavu. Haya, chekeni. Wakati ule mkamwana hakumgusa baba mkwe. Hakugusa mkono wake, wala nguo yake, wala kigoda alichokalia. Nilimsalimu kwa kupiga magoti mbali, macho chini. Tukikutana kwenye njia nyembamba nilijitosa kwenye migomba ili apite. Sikula mbele yake, naye hakula mbele yangu. Na mkamwana na baba mkwe wakivunja mwiko, tuliambiwa, mmoja wao atashikwa na ugonjwa wa kutetemeka: mikono kwanza, kisha kichwa, kisha miguu, hadi kaburini.

Sasa sikilizeni balaa langu. Baba mkwe wangu akaanza kutetemeka.

Ilianza mwaka uleule aliofariki mama mkwe. Kwanza kidole gumba cha mkono wa kulia, kama mtu anayesugua punje ya kahawa. Kisha mkono mzima. Kisha miguu ikawa haimtii: anasimama, anataka kwenda, nyayo zimeganda chini, mara zinaondoka zenyewe mbiombio na yeye anazifuata. Akawa anaanguka. Mchana aliwahiwa na watu. Usiku hakuwahiwa na mtu. Leo daktari angeupa ugonjwa ule jina lake la kidaktari. Sisi jina tulikuwa nalo tayari, na jina lenyewe lilikuwa mimi.

Hakuna aliyenitamkia usoni, maana watu wetu ni wastaarabu. Lakini nikifika kisimani maneno yalikatika ghafla, na wanawake wakaanza kuulizana habari za maharage. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na mimi nilikuwa sijamgusa mzee wa watu hata kwa kivuli changu!

Mume wangu alikuwa akivua kwenye kambi za Goziba. Goziba ni kisiwa. Ukienda umekwenda, unarudi mtumbwi ukipatikana na ziwa likikubali. Alikaa huko miezi miwili, mitatu. Alipoona hali ya baba yake aliwaita wazee wa ukoo, wakajadili kutwa nzima, mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, ukiwa katikati yao. Mzee asilale peke yake. Wa kulala naye ni nani? Watoto wengine walikuwa mbali. Nikabaki mimi. Basi wakaamua nihame kijumba chetu nilale kwenye msonge wake, ile nyumba kubwa ya mviringo iliyoezekwa nyasi hadi chini, ila usukwe ukuta wa matete katikati, mara mbili, usiopitisha hata macho. Upande wake kitanda na mafiga ya moto. Upande wangu mbuzi, vyungu na mkeka. Mlango mmoja, kila mtu autumie kwa zamu yake.

Kumvisha, kumwogesha na kumwaga chungu chake cha mkojo ilikuwa kazi ya mdogo wake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo. Alikuwa mgane aliyeishi kibanja cha jirani. Alikuja asubuhi, akaja jioni, hakukosa. Mtu mwema sana yule, mwenye ugonjwa mmoja tu, lubisi.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, na niliielewa vizuri kuliko wazee wote waliolewa wakiijadili. Mzee asianguke usiku. Akianguka mimi siwezi kumwinua. Basi, asianguke.

Nilianza na sakafu. Msonge wa Mhaya hutandikwa nyasi ndani, nyasi nzuri laini, na zikichakaa zinatolewa zinaletwa nyingine. Nyumba iliyotandikwa inanukia, inapendeza, na ukiwa na miguu isiyoinuka inakutelezesha mpaka ukutani. Nikazifagia zote. Nikaikandika ardhi kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe hadi ikashika. Nikaondoa vigoda, kinu, vyungu, kila kilichokaa njiani. Nikasokota kamba ya makoa, yale maganda makavu ya shina la mgomba, nene kama mkono wa mtoto. Baba mdogo akaifunga kutoka kwenye nguzo ya kitanda, ikazunguka ukutani hadi mlangoni, usawa wa kiuno, mzee aishike akitembea. Kibatari nikakiweka juu ya nguzo, mbali na mkono unaotetemeka. Na kwenye kamba nikafunga njuga, zile kengele ndogo wanazofungwa mbwa wa kuwinda, ili akiishika tu mimi niamke.

Usiku wa kwanza alizijaribu. Zikalia. Kisha sauti ikatoka nyuma ya matete.

“Mkamwana.”

“Waitu, Tata.” Ndivyo tulivyomjibu mkubwa kwa Kihaya, na Tata ni baba.

“Umenifunga njuga. Nikikamata sungura, utanipa japo mguu?”

Niliuma khanga nisicheke, maana kucheka na baba mkwe nako ni utovu wa adabu. Alijua naiuma. Akacheka yeye kwa niaba yetu wote wawili.

Tangu hapo tukawa tunazungumza. Sauti haikuwa na mwiko, au kama ulikuwepo hakuna aliyetukumbusha. Alinisimulia alivyobebeshwa mizigo vitani akiwa kijana, Mjerumani akimwambia twende na Mwingereza akimwambia rudi, na yeye hana ugomvi na yeyote kati yao. Mimi nilimsimulia mahubiri ya Jumapili, akayakosoa. Baba yangu mzazi hakuwahi kuzungumza nami hivyo hata siku moja. Nilimpenda mzee yule. Sitazunguka. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe.

Kwa kuwa nilimpenda, nilikwenda kumuuliza mwinjilisti wetu wa Kilutheri. Nikamwambia, mwalimu, mzee akianguka nimwinue, ni dhambi? Akafikiri. Akasema mbele ya Mungu si dhambi hata kidogo. Nikafurahi. Akaongeza, “Lakini usifanye, mama. Watakuja kusema Ukristo unawaharibu wake za watu.” Nikarudi nyumbani nikiwa na Mungu upande wangu, basi, hapana mwingine.

Miezi minne hakuanguka. Miezi minne! Njuga zikilia nilifungua macho gizani nikahesabu hatua zake hadi mlangoni, kisha kurudi, kisha kitanda kikilia nikalala. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonishinda, nalo lilikuwa kile chungu. Chungu kilikaa pale chini ya kitanda kwa ajili yake, asitoke nje. Hakukitumia hata mara moja. Angewezaje? Mkamwana yuko hatua tano nyuma ya matete, anasikia kila kitu. Mzee mzima, aliyekuwa akiheshimiwa hadi barazani kwa mtawala, mkojo wake usikike na mke wa mwanawe? Afadhali afe. Kwa hiyo alijizuia hadi adhani nimelala, kisha akatoka nje kwenye migomba. Na njuga zangu zikalia. Na mimi, kwa ujinga wa kutaka kusaidia, nikaita, “Polepole, Tata.” Akiisikia sauti yangu alisimama kama mwizi aliyemulikwa. Kesho yake alikuwa amenuna hadi jioni.

Sikuelewa. Ningekaa kimya tu, ningejifanya nimelala, mambo yangekuwa mengine. Husemwa majuto ni mjukuu. Ya kwangu si mjukuu tena, yamezeeka pamoja nami.

Basi siku moja akaja wifi yangu, dada wa mume wangu. Aliolewa mjini Bukoba, Miembeni, huko akapata mwavuli na maneno mengi. Alisukuma mlango wa msonge, akatazama chini, akapiga kelele.

“Mawe, mama wee! Baba yangu analala kwenye nyumba iliyo uchi?”

Nikamweleza habari za kuteleza. Hakusikia. Akasema nyumba isiyo na nyasi ni nyumba isiyo na mwanamke. Akasema mama yake angefufuka angekufa tena kwa aibu. Nikajibu kwamba mama yake angefufuka angeshika fagio anisaidie. Hapo akanisogelea, akashusha sauti.

“Wifi, watu wameshasema mengi juu yako na baba. Sasa unataka waseme na hili, kwamba unamlaza kwenye udongo kama ng'ombe?”

Alinipata. Yangekuwa matusi ningemrudishia, nina akiba. Lakini yale maneno ya kisimani, nilikuwa nimeyachoka hadi kwenye mifupa. Nikachukua mundu, nikaenda kukata nyasi. Nilikata mizigo mitatu, mmoja ungetosha. Nikazitandika zote kwa hasira, nene kama godoro, kutoka ukuta hadi ukuta, na nyingine zilikuwa bado mbichi. Haya, tazama sasa, ni nyumba ya mwanamke! Wifi akaridhika, akafungua mwavuli wake, akaondoka.

Jioni mzee aliingizwa ndani na baba mdogo. Alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu.

“Inanukia kama siku za marehemu,” alisema. Sauti yake ilikuwa na machozi. Na mimi nyuma ya matete, mjinga mkubwa, nikafurahi.

Siku hiyo kulikuwa na msiba ng'ambo ya bonde. Jirani wote, wake kwa waume, walikwenda kulala matangani. Baba mdogo alimlaza kaka yake, akaweka kuni, akawafuata. Nikabaki mimi na mzee na mbuzi. Mvua ikaanza, ile mvua yetu ya kupiga migomba mpaka huisikii sauti yako mwenyewe. Nilikuwa nimekata nyasi tangu asubuhi. Nikalala usingizi wa pono.

Njuga hazikulia. Kilichoniamsha ni kishindo, kisha mlio ambao sikujua mtu mzima anaweza kuutoa.

Nilikimbia hadi pale matete yanapoishia, karibu na mlango. Mzee alikuwa chini, kati ya kitanda na mafiga, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Kamba bado ilikuwa ikitikisika. Na njuga, Mungu wangu, njuga zilikuwa zimeshindiliwa nyasi. Alizijaza nyasi nilizomtandikia, moja moja, kwa vidole vile vinavyotetemeka, ili zisilie, ili mimi nisiamke, ili akojoe kama mwanamume. Sijui ilimchukua muda gani. Sipendi kufikiria ilimchukua muda gani.

Nikapiga hatua kumwendea.

“Usiniguse!”

“Tata, umeumia.”

“Rudi nyuma! Unataka kuniua? Nenda ukaite watu.”

Nikatoka mbio kwenye mvua. Kwa baba mdogo, mlango umefungwa. Kwa jirani wa chini, mbwa tu. Nikapiga yowe, mwanamke kwetu akipiga yowe kijiji kizima huamka, lakini kijiji chote kilikuwa ng'ambo ya bonde na mvua ikalimeza. Nikashuka hadi mtoni. Mto ulikuwa umejaa, daraja la miti sikuliona. Nikasimama pale nikilia na kutukana, namtukana wifi, namtukana mto, naitukana mvua. Kisha mvua ikatulia kidogo, nikasikia kutoka juu, kwa mbali, mzee anapiga kelele za aina nyingine.

Nilipofika nilikuta amejivuta kufuata joto. Shuka lake lilikuwa limefika kwenye makaa, upindo unafuka, na nyasi zangu nzuri zinaanza kushika moto. Sikumgusa. Nasema hili polepole ili lieleweke: nguo ya mtu inafuka moto na mimi nikatafuta njia ya kutomgusa. Nikachukua mtungi wa maji, nikamwaga wote, juu ya moto, juu ya nyasi, juu yake. Moto ukafa. Kibatari kikabaki kinatoa mwanga wa punje. Na mzee akabaki amelowa, amevunjika, kwenye baridi ya mvua, bila moto.

Kumfunika blanketi ninalolalia mimi nako ni mwiko. Nikaleta magunia ya kahawa, matupu. Nikayasukuma kwa mchi wangu wa kutwangia hadi yakamfikia, nikamfunika nayo kwa ncha ya mchi, moja baada ya jingine, kama mtu anayefukia moto. Alipokuwa akijaribu kulivuta gunia la mwisho mkono wake ukaukuta mchi. Akaushika. Hakuuachia.

Basi nikakaa chini, upande wangu, nikashika ncha nyingine.

Tulikaa hivyo. Mtetemo wake ulipita kwenye mti ukanifikia viganjani. Nilikuwa nikiuona miezi yote ile kwa mbali, sikuwahi kuuhisi. Ulikuwa hauachi. Hata alipozungumza, hata alipolia, ulikuwa pale, mdogo, wa haraka, haupumziki. Nikajua kwa hakika kuliko nilivyojua chochote kwamba haukutoka kwangu. Ulikuwa wake, ulikuwa unamla, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa ndani yake.

“Unasikia?” aliniuliza.

“Nasikia, Tata.”

“Ndiyo hiyo.”

Mvua ilipungua baadaye. Akaomba nimsimulie mahubiri. Nikamsimulia, nikichanganya Jumapili hii na ile, na safari hii hakunikosoa. Meno yake yalikuwa yakigongana. Mara mbili alinyamaza nikadhani amekwenda, nikauvuta mchi kidogo, naye akauvuta kunijibu.

Jogoo wa kwanza aliwika. Kisha wa pili. Matete yakaanza kuonekana. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mzee wa ukoo wala ya baba wa mtu.

“Mwanangu. Acha hayo. Baridi imeingia ndani kabisa. Niinue.”

Mchi wa kutwangia una urefu gani? Mtu akinyoosha mkono na mwenzake akanyoosha, inabaki shibiri mbili. Nilikuwa nimeomba kibali hicho moyoni usiku kucha. Nilikuwa nimekiomba hadi kwa Mungu nikapewa. Na wakati huohuo nikasikia sauti za watu njiani. Nikajua mto umepungua, wanarudi kutoka matangani, wengi, wanaongea. Nikawaona akilini wakisukuma mlango na kunikuta nimemkumbatia baba wa mume wangu, yeye yu nusu uchi, anatetemeka vile. Nikayasikia maneno ya kisimani, miaka yote iliyobaki ya maisha yangu.

“Vumilia kidogo, Tata,” nikasema. “Wanakuja.”

Akangoja. Kisha akasema tena.

“Basi mkono. Mkono tu.”

“Wanakuja, Tata. Nawasikia.”

Hawakuwa wanakuja. Walikuwa wakipita njia ya juu kwenda kwao, na sauti zao zikafifia, zikaisha. Nikatoka kuwaita, wakawa wamekwisha potea kwenye migomba. Niliporudi alikuwa ameuachia mchi. Macho yalikuwa wazi, pumzi inakwenda, mkono ameuweka kifuani mwake. Nilimsogezea mchi tena. Hakuushika. Na hata hapo, wakati hapakuwa na mtu wa kuniona, hata hapo sikuvuka zile shibiri mbili. Nilikuwa nimeshazoea kukataa.

Baba mdogo alifika jua limekwisha panda juu ya migomba, ananuka lubisi. Aliona kamba, aliona magunia, aliniona mimi nimekaa umbali ule na mchi mapajani. Akaelewa kila kitu, au alidhani ameelewa. Kabla hata ya kumwinua kaka yake alipiga makofi ya shukrani.

“Kasinge, waitu! Usiku kucha hukumgusa? Huyu ndiye mkwe!”

Habari ikaenea kabla ya mchana. Wanawake wa kisimani walikuja na ndizi na maziwa, wakanisalimu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwao. Wifi akaja na mwavuli wake, akalia, kisha akanishika mabega. “Bora ulitandika nyasi,” alisema. “Fikiria angeangukia udongo mtupu.” Nilimtazama. Nilikuwa na mchi karibu, na Mungu alinisaidia.

Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, wakambeba kumrudisha. Mfupa wa nyonga umevunjika, kwa umri ule hauungi, na kifua kimeshaingiwa na baridi. Baba mdogo akahamia ndani kumwuguza. Mimi nikaendelea kulala nyuma ya matete kama kawaida. Kila usiku nilingoja aseme “Mkamwana”. Hakusema. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akiugua, nilimsikia akikojoa kwenye kile chungu, sasa bila kujificha, maana hakuwa na la kuficha tena. Nilijifunika masikio.

Usiku mmoja baba mdogo alikuwa anakoroma. Nikashindwa kuvumilia.

“Tata. Umenikasirikia?”

Alikohoa kwanza.

“Uliogopa,” alisema.

“Niliogopa watu, Tata.”

“Hata mimi niliwaogopa. Mimi ndiye niliyeanza.”

Hakusema tena neno nami. Nilitaka aniambie nimekusamehe. Nimeligeuza neno lile miaka yote hii, nikilitafuta humo ndani msamaha. Siku nyingine nauona. Siku nyingi siuoni.

Mume wangu alipata mtumbwi na kufika mzee akiwa bado anapumua, na kwa hilo nashukuru. Mzee alikufa siku ya tatu baada ya hapo, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mwanawe. Niliuona nikiwa mlangoni. Ulikuwa umetulia kabisa.

Kwenye mazishi mkubwa wa ukoo alisimama. Alisema siku hizi wanawake wameharibika, wanasoma, wanavaa viatu, lakini ukoo huu umebahatika kupata mkwe aliyekaa usiku kucha na mgonjwa, asivunje mwiko hata wa ukucha. Akaniita mbele ya watu wote. Akanipa kahawa za kutafuna kutoka kwenye mkono wake, heshima ambayo mwanamke wa umri wangu hapewi. Mume wangu aliinamisha kichwa kwa fahari. Nilizitafuna. Ningefanya nini? Nilizitafuna zote na nikasema kasinge.

Sasa mimi ni mzee. Naishi Bukoba, Hamugembe, kwa binti yangu. Binti ni muuguzi, na wiki nyingine zamu yake ni ya usiku. Nyumba ni ya bati, sakafu ya saruji imesuguliwa hadi inang'aa. Usiku naamka mara mbili, mara tatu, na magoti yangu yamekuwa kama ya kuazima. Binti akiwa kazini tunabaki wawili, mimi na mume wake. Ni kijana msomi, mpole, sina la kumlaumu. Akinisalimu anachuchumaa mbali, macho chini, kwa maana mama mkwe naye haguswi, ni mwiko uleule.

Juzi jioni nilimwita. Nikamwambia, “Mwanangu, nikianguka usiku, njoo uniinue. Usingoje mtu. Mimi mwenyewe mama mkwe wako nakuruhusu, mwiko nimeufuta kwa kinywa changu.”

Hakujibu. Nikarudia, safari hii kwa ukali, nikapiga na sakafu kwa fimbo.

“Mama,” alisema, “Mungu apishe mbali.” Kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama inavyotakiwa, akanipisha njia.

Mkwe wangu ana adabu sana.